Joto la Shingoni

11 Februari

Shemeji yangu Dobi,

Salamu nyingi kutoka huku. Mimi ni mzima, isipokuwa mafua yaliyonishika wiki iliyopita, nayo yameshaniachia. Natumaini hujambo, na Mama hajambo, na macho yake hayamsumbui sana. Msomee barua hii polepole kama kawaida, lakini ukifika nitakapokuambia uruke, tafadhali ruka.

Nisamehe kwa habari ya simu. Naiona inaita, najua ni wewe, nashindwa. Tangu tumzike dada yako, nikisema "halo" tu sauti inakatika, na mtu wa upande wa pili anaanza kunituliza kabla sijasema nilichotaka. Kwenye karatasi naweza kusimama, nikajifuta, nikaendelea.

Kazi ipo. Kibanda changu bado kiko pale pale chini ya ngazi, na watu bado wanapoteza funguo. Juzi alikuja mama mmoja aliyejifungia nje huku chungu kiko motoni, akawa ananisukuma njia nzima, "Haraka, fundi, maharage yangu!" Nilimkumbuka marehemu mwenzangu. Alikuwa akisema mimi ndiye mtu pekee mjini ambaye watu wanafurahi kumwona akivunja mlango wao.

Nyumbani kuko kimya. Nimegundua kwamba kitasa cha mlango wa chumbani kinalia. Nadhani kililia miaka yote, ila sikukisikia kwa sababu kulikuwa na mtu anaongea. Fundi kufuli mzima, na sijakitia mafuta.

Sasa ruka, usimsomee Mama.

Unaijua chupa yangu ya Jumamosi. Narudi kutoka kazini mchana, naoga, navaa shati safi, nakaa kwenye kiti cha dirishani na kufungua bia. Mwenzangu alikuwa akipiga pasi nyuma yangu. Nikinyoosha mkono kuchukua ya pili, alikuwa akinijia na kuniwekea kiganja hapa, nyuma ya shingo. Kiganja cha moto, cha mtu aliyeachia pasi sasa hivi. Basi narudisha chupa.

Tangu msiba, nikinywa hata nusu ya ile ya kwanza, joto linaanza pale pale. Nyuma ya shingo. Linapanda masikioni, uso mzima unawaka, macho yanaiva. Halafu mabaka yanatoka shingoni na kifuani, yamevimba, yanawasha mpaka najikuna juu ya shati. Moyo unakwenda mbio. Nikitulia kwa muda yote yanapoa na kupotea, kama vile hapakuwa na kitu. Nimekunywa bia tangu ujana na haikuwahi kunifanya hivyo.

Usinicheke. Unajua mimi si mtu wa mambo hayo. Lakini nadhani ni yeye.

Msalimie Mama. Mwambie miwani yake nimeipeleka kwa fundi mwenzangu, itakuja na basi.

Shemeji yako,
Fundi


2 Machi

Fundi wa watu,

Salamu zako zimefika na miwani imefika. Mama ameivaa, akaniangalia, akasema nimezeeka. Hiyo ndiyo shukrani yako.

Huku tupo. Mashine ya kufulia imekufa tena, kwa hiyo mashuka ya bweni zima nayapiga kwa mikono, na msichana waliyeniletea kunisaidia anafua kama anabembeleza mtoto. Mvua nayo ikiona kamba zangu zimejaa ndipo inapokumbuka kunyesha.

Umesema nisicheke. Nimecheka, halafu nikaenda nyuma ya mashuka nikalia, kwa hiyo tumelipana. Na ile kuruka kwako imeniletea balaa. Mama hata kwa miwani maandishi hayaoni, lakini masikio ni yale yale. "Mbona sauti yako imeruka? Kuna nini hapo katikati?" Nikamwambia ni mambo ya vitasa. Akasema, "Mwambie huyo mkwe wangu vitasa havimfanyi mtu ameze mate hivyo."

Shemeji, Dada hawezi kuja kwa vipele. Dada akija, anakuja kukuuliza kwa nini mapazia hayajafuliwa.

Nimemuuliza nesi wa shule bila kukutaja. Amesema uende hospitali ukaonwe, usikae unakisia. Kisha akaniuliza: huyo mtu anameza dawa gani? Anapaka nini mwilini? Kazini anashika nini? Mimi siku hizi sijui hata unakula nini.

Na hukuniambia ni chupa ngapi. Umeandika "ile ya kwanza", na mtu hasemi ya kwanza kama ni moja. Mimi kazi yangu ni nguo za watoto wa shule, najua mtu anapokunja nguo ili doa liwe ndani.

Nijibu upesi.

Dobi


21 Aprili

Shemeji yangu,

Najua umesubiri. Hapakuwa na jambo, ni mkono tu uliokuwa mzito. Nashukuru kwa salamu. Nimefurahi kwamba Mama anaona, japo kwa hasara yako.

Hospitali nilikwenda, ili usiseme sikwenda. Nilikaa kwenye benchi. Pembeni yangu alikaa mzee mmoja na mkewe, na mkewe ndiye aliyeshika kadi ya mzee, na maji ya mzee, na koti la mzee. Mzee alikuwa ameshika magoti yake tu. Zamu yangu ilipokaribia, wa mapokezi akaniuliza, "Umesindikizwa na nani?" Lilikuwa swali la kawaida, anamuuliza kila mtu. Nikasema nimesahau kitu nyumbani, nikaondoka.

Nesi wako anauliza nameza nini. Simezi kitu. Napaka nini? Sipaki kitu. Kazini nashika shaba na tupa ya kuchongea funguo, kama siku zote. Naogea sabuni ya mwenzangu, ile aliyokuja nayo kutoka kwako kwenye katoni, iliyokuwa juu ya kabati. Alipokuwa mgonjwa alinikataza kuigusa, akisema haijakauka sawasawa. Baada ya msiba ya dukani ikaisha, nikashusha ile. Hata mikono imepona, ule ukurutu wa vumbi la shaba umekwisha kabisa. Kwa hiyo mwambie nesi ngozi yangu haijawahi kuwa safi hivi, isipokuwa ule wakati anapokuja.

Nimeandika "anapokuja". Nimeliona, na nimeliacha.

Siku hizi sisubiri Jumamosi. Usinihesabie, Shemeji. Sinywi kwa ajili ya kunywa, hata ladha siisikii. Nakunywa mpaka shingo ipate joto, basi, naweka chini. Siku moja moyo ulikwenda mbio kupita kawaida, nikakaa kidogo kwenye ngazi. Si kitu cha kumwambia Mama.

Fundi


30 Aprili

Fundi,

Leo salamu zitasubiri. Mama mzima, mimi mzima.

Usiogee ile sabuni. Kama utaiogea, usiguse chupa. Vyote viwili pamoja usithubutu tena, hata tone.

Nilipofika kwenye neno "katoni" nilikuwa nimesimama juu ya beseni, na barua yako ikaanguka majini. Sasa hivi imeanikwa kwenye kamba na vibanio viwili. Nilikwenda kwa nesi mbio na povu mikononi.

Unakumbuka Dada alipokuja kukaa kwangu mwaka jana, bweni lilipopata upele? Tulichemsha mashuka pamoja. Zahanati ilileta dawa ya kuwapaka watoto, kopo kubwa, na watoto walipopona ikabaki kama nusu. Nesi akasema tutupe. Dada yangu na kutupa! Unamjua. Tulikuwa tunapika sabuni kwa mafuta yaliyobaki jikoni, na kabla haijashika akaimimina humo yote, akasema itamfaa Fundi kwa mikono yake.

Nesi amenionyesha kopo jingine stoo. Imeandikwa wazi kwamba anayetumia dawa hiyo asinywe pombe. Inapita kwenye ngozi, na ikikutana na pombe ndani ya mwili, mtu anawaka. Uso, shingo, vipele, moyo kwenda mbio, kila kitu ulichoniandikia. Amesema si kila mtu inamkamata, lakini inayemkamata inaweza kumwangusha kabisa. Nilipomwambia kwamba ulikaa kwenye ngazi, aliacha kuandika.

Siyo Dada, Shemeji. Ni sabuni. Naliona lilivyo kali hapa kwenye karatasi, na sina namna nyingine ya kuliandika.

Habari ya hiyo sabuni nimekuambia yote.

Nijibu, hata mstari mmoja.

Dobi


18 Juni

Shemeji,

Hujajibu.

Mama anauliza barua. Wiki iliyopita nilikaa naye nikamsomea barua yako ambayo haipo. Nikatunga kwamba umepata mteja mwenye sanduku lisilofunguka, na kwamba mvua imekuwa nzuri, na kwamba kila siku unamkumbuka. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Huyo si mkwe wangu. Fundi hasemi maneno mengi hivyo." Kisha akanyoosha mkono nimpe karatasi aipapase. Nilikuwa nimeshika risiti ya magadi.

Nimempigia mama mwenye nyumba wako. Usimkasirikie, nilimbana. Amesema amekukuta kwenye ngazi si mara moja, shati wazi, uso umevimba, na unamwambia umeteleza. Amesema mara ya mwisho hukumjua yeye ni nani.

Niliyewahi kumwita dada ni mmoja, na yuko chini. Waliobaki wanaoweza kunitania ni wewe na Mama, na Mama sasa anaona makunyanzi yangu. Usiniache na huyo peke yake.

Dobi


9 Julai

Shemeji,

Msalimie Mama. Mwambie alisema kweli, sisemi sana.

Barua zako zote mbili zimefika. Ile ya sabuni niliisoma, nikaiweka ndani ya kiatu cha mwenzangu kilicho nyuma ya mlango. Sikutaka kuiona na sikutaka kuitupa.

Nilifanya kama ulivyosema, ili nikuoneshe kwamba umekosea. Nilinunua sabuni ya dukani, ile ya kijani, nikaogea hiyo tu kwa siku nyingi. Jumamosi moja nikavaa shati, nikakaa dirishani, nikafungua chupa. Nikanywa nusu. Nikangoja. Nikamaliza, nikafungua ya pili, na hakuna aliyenizuia. Jua likahama kutoka ukutani likaenda sakafuni, likatoka. Shingo baridi. Bia ilikuwa bia tu.

Alipofariki, watu walikuja. Walipika, walilala sebuleni, wengine hata siwajui walinishika mkono. Mara hii ya pili hakuna aliyekuja. Ningemwambia nani, na ningemwambia nini? Kwamba mke wangu alikuwa sabuni?

Nilikukasirikia, Dobi. Nitasema ukweli, nilikukasirikia zaidi ya nilivyoukasirikia ugonjwa.

Nikarudi kwenye sabuni yake. Na kwenye chupa. Akaja, au ikaja, andika unavyotaka. Ndiyo mara ile aliyokuambia mama mwenye nyumba.

Sasa kimebaki kipande kimoja. Nakiangalia hapa ninapoandika, kina alama ya waya aliokatia. Kikiisha nitakuwa sina kitu cha kuchagua. Kabla hakijaisha nataka kukuuliza. Uliandika kwamba habari ya hiyo sabuni umeniambia yote. Mtu aliyesema yote haandiki hivyo. Ulikuwepo jikoni. Nani alikuwa ameshika mwiko? Mwenzangu hakuweza kupita kwenye maandishi bila kuyasoma, alisoma hata karatasi ya kufungia chumvi. Alilisoma lile kopo?

Alijua?

Fundi


28 Julai

Shemeji yangu,

Sisi wazima. Mama anakusalimia, na safari hii barua alipapasa ya kweli. Nimemsomea na zile za nyuma, zote bila kuruka. Akasema, "Huyu mtoto hana mtu wa kumwekea mkono." Basi.

Mwiko nilikuwa nao mimi. Nilikuwa nakoroga, moshi unaniingia machoni, namwambia Dada aharakishe kwa sababu sabuni inashika. Yeye amesimama mlangoni penye mwanga, amelisogeza kopo mbali na uso, anasoma kwa sauti, ile sauti yake ya mtu wa redio. Jinsi ya kupaka. Kuweka mbali na macho. Alipofika kwenye pombe akanyamaza. Akaniangalia. Akaanza kucheka, kile kicheko chake cha kushika ubavu, mpaka akaliweka kopo chini. Akasema:

"Basi Fundi atapona magonjwa mawili!"

Na akamimina.

Nikamwambia, "Wewe, utamuua mume wa watu." Akasema, "Nani kasema nitanyamaza? Nitamwambia mwenyewe ikishakauka. Kwanza nataka nione uso wake."

Ndiyo sababu alikukataza kuigusa. Alikuwa anaingoja ikauke, akuite, akuambie, akuone uso. Nayo ilikauka yeye akiwa ameshaacha kusema.

Sikukuandikia kwa sababu niliogopa ukijua alijua, utakunywa zaidi. Hilo ni kweli, lakini halijaisha hapo. Kicheko kile ndicho cha mwisho nilichokisikia kwake, na aliyekisikia ni mimi tu. Wewe una miaka yote ile ya dirishani na pasi. Mimi nina jikoni ile na moshi. Kila jioni nikining'iniza ndoo nilikuwa nakitoa, nakisikiliza, nakirudisha. Niliona nikikuandikia kitakuwa si changu tena.

Sasa ni chetu. Nakuomba tu usifie kwenye mzaha wake. Alitaka kuuona uso wako, Fundi. Hakutaka watu wauzike.

Dobi


24 Agosti

Shemeji yangu Dobi,

Salamu kwako na kwa Mama. Mimi ni mzima. Nimeliangalia neno hilo mara mbili kabla ya kuliacha.

Barua yako niliifungulia kibandani. Nilicheka kwa sauti, mpaka kijana niliyekuwa namchongea ufunguo akauliza kama ufunguo wake una kasoro. Nikamwambia, "Hapana, ni mke wangu." Akachungulia nyuma yangu kumtafuta. Basi nikacheka tena, na baadaye nikafunga mapema.

Nimejaribu kuufikiria uso ambao ningeuonesha. Ningejifanya nimekasirika. Ningesema nitahamia kwa Mama. Yeye angeshika ubavu.

Chupa mbili zilizobaki nimempa mama mwenye nyumba, amesema atawapa wapaka rangi wake. Jumamosi nilioga kwa sabuni yake, nikavaa shati, nikakaa dirishani na kikombe cha chai. Nilisikiliza shingo yangu kama mtu anayengoja hodi. Haikuwaka. Ilikuwa Jumamosi ndefu, Shemeji, sitakudanganya, na ijayo nayo itakuwa ndefu. Lakini sikutoka pale kitini, na chai niliimaliza.

Hospitali nimerudi. Benchi lile lile. Wa mapokezi akaniuliza nimesindikizwa na nani, nikasema, "Shemeji yangu, yuko njiani." Akaandika. Daktari amesikiliza moyo na kusema unakwenda vizuri, ila nimwambie kila anayenitibu habari ya ile dawa, na pombe niiache. Amependa jinsi mikono yangu ilivyopona. Ameniuliza nimetumia nini, na safari hii maelezo yalikuwa marefu hata kwangu.

Kitasa nimekitia mafuta.

Kile kipande cha mwisho nimekikata kwa waya, pale pale alipokuwa ameanza kukata. Nusu ni hii iliyofungwa ndani ya kitambaa. Wewe hunywi, kwa hiyo haitakufanya kitu zaidi ya kukunukisha kama jikoni lako. Nusu nyingine iko kwangu, kwenye kisahani, nainawia mikono nikitoka kazini, kidogo kidogo.

Jumapili nipigie. Nitapokea. Nikinyamaza usikate na usinitulize, wewe niambie habari za mashuka tu mpaka nipate sauti.

Na ukinawa, Shemeji, nikumbuke.

Fundi